Mzazi Kiziwi na Kilio cha Usiku: Namna ya Kuchagua Kifaa cha Kumjulisha

Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, na sehemu ya zamu hizo huangukia usiku wa manane, nyumba ikiwa kimya. Mzazi anayesikia huamshwa na kilio. Mzazi kiziwi hawezi kuamshwa nacho, na kwa sababu hiyo si ajabu, katika kata za Wilaya ya Bagamoyo kama kwingineko nchini, kuona uamuzi wa nani atakaa na mtoto usiku ukifanywa na ndugu kabla mama mwenyewe hajaulizwa. Bibi huhamia chumbani, au shangazi humchukua mtoto akalale naye, na wakati mwingine mtoto hupelekwa kwa jamaa wa mbali kwa maelezo kwamba mama yake hasikii, akilia usiku itakuwaje.

Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kumtenga mtoto na mzazi wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 23 ya mkataba huo inakataza mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wa mtoto, au wa mzazi mmoja, au wa wote wawili. Ibara hiyo hiyo inazitaka nchi wanachama kuwapatia wazazi wenye ulemavu msaada unaofaa katika malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Linalobaki, basi, ni suala la kiufundi zaidi: kilio kigeuzwe vipi kuwa kitu ambacho mzazi anaweza kukiona kwa macho au kukihisi mwilini. Vifaa vya kazi hiyo vipo. Vingine ni vya gharama kubwa, vingine tayari vimo mfukoni mwa mzazi, ila si kila kinachouzwa kwa kazi hiyo kinamfaa kiziwi.

Neno moja la utangulizi kuhusu lugha. Kiziwi si bubu, na Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) hutumia neno kiziwi bila haya. Anayezungumza kwa Lugha ya Alama ana lugha kamili, na mtoto wake anayesikia, kama walivyo watoto wengi wa wazazi viziwi, hukua na lugha mbili.

Kabla ya kununua chochote

Katika nyumba nyingi za mwambao mtoto mchanga hulala karibu na mama, ndani ya chandarua kimoja. Mpangilio huo unamsaidia sana mzazi kiziwi. Mtoto mwenye njaa haanzi kwa kulia. Kwanza hujinyoosha, hugeuza kichwa akitafuta ziwa, hunyonya ngumi, ndipo kilio kinapofuata. Mama aliye karibu anaweza kuzihisi hatua hizo za mwanzo, na taa ndogo ya usiku inayowaka muda wote humwezesha kumtazama mtoto anapofumbua macho bila kupapasa swichi. Kinachotakiwa kuzingatiwa ni kwamba mtoto alazwe chali, mbali na mito na mablanketi mazito, na asilale na mtu aliyekunywa pombe au dawa za usingizi.

Katika nchi mbalimbali husimuliwa habari za wazazi viziwi wa zamani waliofunga uzi kutoka mguuni mwa mtoto hadi kwenye kiganja chao, ili mtoto akijitupa uzi uvute. Ubunifu huo unaeleweka, lakini usiigwe. Uzi unaweza kukaza mguu na kuzuia damu, na mtoto anapoanza kujigeuza unaweza kufika shingoni.

Ipo pia desturi ya kukanyaga sakafu kwa kishindo ili kumwita au kumwamsha kiziwi. Hiyo hufanya kazi vizuri penye sakafu ya mbao. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi, na saruji haipitishi kishindo cha mguu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ndugu anayesikia aliyeko chumba cha pili atamwamsha mama kwa kumgusa bega au kwa kuwasha na kuzima taa, na ni vyema hilo likubaliwe mapema, kwa kuwa kumtikisa mtu ghafla gizani ni kumtia hofu.

Kifaa kinakuwa cha lazima pale mama na mtoto wanapokuwa sehemu mbili: mtoto amelala chumbani, mama yuko uani anapika au anafua, au mtoto amekua, ana kitanda chake, au wazazi wote wawili ni viziwi na hakuna mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Kilichotengenezwa kwa ajili ya masikio

Vifaa vya kumwangalia mtoto kutoka mbali si vipya. Mwaka 1937 kampuni ya Zenith ya Marekani iliuza redio maalumu ya kazi hiyo, iliyosanifiwa na mchongaji Isamu Noguchi, katika miaka ambayo wazazi wengi wa huko walikuwa bado na hofu baada ya kutekwa kwa mtoto wa rubani Charles Lindbergh mwaka 1932. Redio hiyo ilifanya jambo moja tu, kusafirisha sauti kutoka chumba hadi chumba. Vifaa vilivyofuata kwa miongo mingi vilijengwa juu ya wazo hilo hilo, na hata leo vingi vilivyomo madukani kimsingi ni redio ndogo. Mzazi kiziwi anayetazama rafu ya duka anatazama bidhaa zilizokusudiwa masikio ya mtu mwingine.

Kinachomfaa kina sehemu tatu. Ya kwanza hukaa karibu na mtoto na ina kinasa sauti kinachopima ukubwa wa sauti chumbani. Sauti inapovuka kiwango kilichopangwa, sehemu hiyo hutuma ishara kwa mawimbi ya redio. Sehemu ya pili ni kipokezi alichonacho mzazi. Ya tatu, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo inayosahaulika, ni njia ya kumfikishia mzazi ishara hiyo mwilini: mwanga au mtetemo.

Mtego mkubwa wa madukani uko hapo. Vifaa vingi vya kawaida vina safu ya vitaa vidogo vinavyopanda kuanzia kijani hadi chekundu kadiri sauti inavyoongezeka, na muuzaji akiambiwa mnunuzi ni kiziwi huonyesha vitaa hivyo kwa uhakika kabisa. Vitaa hivyo vinamsaidia mtu aliyekwisha kugeuza macho kuvitazama. Mama anayechambua mchele amekipa mgongo kipokezi hataona kitu, na aliyelala ndiyo kabisa. Kwa mchana, mzazi kiziwi anahitaji kipokezi kinachotetema akiwa amekivaa kiunoni au mkononi, na klipu yake ijaribiwe kwenye khanga, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kushika mkanda wa suruali.

Usiku unahitaji nguvu zaidi

Kipokezi cha kiunoni hakitoshi kumwamsha mtu aliyezama usingizini. Watengenezaji wengine huweka taa kali ya kumetameta, lakini tafiti zilizofanywa kuhusu ving’ora vya moto kwa viziwi na watu wenye usikivu hafifu zimeonyesha kwamba mwanga peke yake huamsha watu wachache sana ukilinganisha na mtetemo. Anayelala kifudifudi, au amejifunika shuka hadi kichwani kwa ajili ya mbu, hauoni. Kwa hiyo kifaa cha usiku kiwe na kitetemeshi cha kitanda, yaani kisahani kizito chenye mota ndani yake kinachowekwa chini ya mto wa mzazi na kuunganishwa kwa waya na kipokezi.

Namna ya kukiweka hutegemea kitanda. Godoro nene la sponji hunywa mtetemo. Kisahani kikiwekwa chini yake hakitahisiwa juu. Kitiwe ndani ya foronya, chini ya mto moja kwa moja. Kwenye kitanda cha kamba, teremka tukaze, mtetemo unaweza kuenea zaidi kwa kuwa kamba zimevutwa, lakini kisahani kifungwe kisidondoke. Anayelala kwenye mkeka juu ya saruji naye akiweke chini ya mto. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba kitetemeshi ni cha mzazi. Hakiwekwi kamwe chini ya mtoto, na mama anayelala na mtoto ubavuni akiweke upande wa pili.

Anayetumia shimesikio naye anahusika na yote haya. Shimesikio huvuliwa wakati wa kulala, na usiku huo mwenye nalo yuko sawa na asiyekuwa nalo.

Zipo kampuni zinazotengeneza mifumo iliyokusudiwa viziwi tangu mwanzo, kama Bellman & Symfon ya Sweden na Sonic Alert ya Marekani. Kutajwa kwa majina haya si pendekezo la Halmashauri. Yametajwa ili mkazi ajue aina ya bidhaa anayopaswa kuilinganisha na anayouziwa. Faida ya mifumo ya namna hiyo ni kwamba kipokezi kimoja kinaweza kuunganishwa na kinasa sauti cha mtoto, kengele ya mlango na kigunduzi cha moshi, kila kimoja kikiwa na alama yake ya taa. Mtu anayenunua kwa ajili ya mtoto anabaki na kifaa cha manufaa hata mtoto akishaanza shule. Hasara ni bei, na ukweli kwamba kwa kawaida huagizwa kutoka nje.

Umeme, betri na hewa ya bahari

Kifaa kinachotegemea soketi peke yake hakifai kwa usiku wa Bagamoyo, hata kama kina sifa nyingine zote. Umeme ukikatika saa nane za usiku kinazimika kimya kimya, na mzazi kiziwi ndiye wa mwisho kujua. Mnunuzi aulize maswali mawili: je, sehemu zote mbili, ya mtoto na ya mzazi, zina betri ya akiba? Na je, kipokezi hutetema pale kinapopoteza mawasiliano na sehemu ya mtoto au betri inapokaribia kwisha? Swali la pili ndilo linalotenganisha kifaa cha kutegemewa na kifaa cha mapambo. Kwa mtu anayesikia, ukimya wa ghafla wa redio ni taarifa. Kwa kiziwi kifaa kilichokufa na mtoto aliyetulia vinafanana kabisa.

Vifaa vinavyochajiwa kwa waya wa aina ya chaja za simu vina nafuu kubwa, kwa sababu vinaweza kuunganishwa na pawabenki au na mfumo mdogo wa sola, na mtu wa Makurunge au Fukayosi asiye na umeme wa gridi anaweza kuvitumia. Vitetemeshi vya kitanda hula umeme mwingi vinapofanya kazi, hivyo maelekezo ya betri yasomwe kwa makini.

Kwa waliopelekewa zawadi na ndugu walioko ng’ambo kuna tahadhari ya ziada. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, na kifaa cha huko kisichokuwa na chaja inayokubali volti zote kitaungua siku ya kwanza. Maandishi madogo mgongoni mwa chaja yakisema 100–240V, hakuna shida isipokuwa umbo la plagi. Tatizo la pili halionekani kwa macho: vifaa vingi vya Marekani hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, ambayo huku kwetu yamo katika bendi ya simu za mkononi, wakati vile vya Ulaya vya aina hiyo hiyo hutumia megahezi 1880 hadi 1900. Kifaa cha Marekani kinaweza kuingiliana na mitandao ya simu, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo yenye jukumu la kuidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini. Ndugu anayetaka kutuma zawadi ashauriwe anunue cha Ulaya.

Wakazi wa karibu na ufuko, kuanzia Dunda hadi Mlingotini, wanajua chumvi ya hewa inavyokula redio na tochi. Sehemu za chuma zinazogusa betri zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya wiki chache, na betri za kutupa zitolewe kifaa kisipotumika.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 300 au zaidi, umepimwa uwanjani pasipo kizuizi. Kuta nene za mawe za nyumba za Mji Mkongwe na mapaa ya mabati hupunguza umbali huo kwa kiasi kikubwa. Kuta za fito na udongo hazizuii sana. Njia ya kujua ni kutembea na kipokezi kutoka chumbani hadi jikoni, uani na bombani, mtu mwingine akipiga makofi karibu na sehemu ya mtoto. Na kwa akina mama wanaolima mwani, lisemwe wazi kwamba hakuna kifaa cha aina hii cha kumfuata mama hadi shambani maji yanapotoka. Mtoto hapo anahitaji mtu.

Simu iliyo mfukoni

Simu janja nyingi za sasa zina uwezo wa kutambua sauti ya mtoto anayelia. Apple iliuingiza uwezo huo katika iPhone kupitia mfumo wa iOS 14 mwaka 2020, na mwaka huo huo Google ikaleta huduma ya aina hiyo kwa simu za Android, ambayo hupatikana ndani ya programu ya Live Transcribe & Notification. Zote mbili huchambua sauti ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo hazili bando baada ya kusakinishwa. Simu ikitambua kilio hutoa ujumbe, hutetema, na inaweza kuwasha taa ya kamera.

Ugumu wake ni wa mahali. Simu husikia pale ilipo. Ikiwa mfukoni mwa mama aliyeko uani, itasikia sauti za uani. Ikiwa karibu na mtoto, itatambua kilio vizuri lakini itatetema juu ya meza, mbali na mama. Ufumbuzi ni saa janja inayopokea taarifa za simu na kutetema mkononi; mawasiliano yake na simu hufika kama mita kumi ndani ya nyumba, yaani chumbani hadi jikoni katika nyumba ya kawaida. Wapo pia wanaotumia simu mbili zenye programu maalumu, moja kwa mtoto na moja kwa mzazi. Hapo mtandao wa ndani au bando unahitajika, na ukikatika, taarifa hazifiki.

Kuna ulaghai mdogo wa simu za bei nafuu ambao umewaangusha wengi: mfumo wa kuokoa betri huzima programu zinazofanya kazi kimyakimya, kwa kawaida baada ya saa chache, yaani usiku katikati. Programu ya kutambua kilio iondolewe kwenye udhibiti huo katika mipangilio ya betri, na simu ilale ikiwa kwenye chaja, ila waya usimfikie mtoto. Kitochi hakina uwezo huu, na muuzaji anayesema kinao apuuzwe.

Apple yenyewe huwatahadharisha watumiaji wasiitegemee huduma hiyo katika hali za hatari au dharura. Tahadhari hiyo ichukuliwe kwa uzito: simu ni msaidizi mzuri wa mchana na akiba ya usiku, lakini mzazi anayelala peke yake na mtoto mchanga, akiwa na uwezo wa kuchagua, aanze na kifaa chenye kitetemeshi.

Picha husema zaidi

Kilio kina aina zake. Anayesikia hutambua kilio cha njaa, cha maumivu na cha deko kabla hajainuka. Mtetemo ni mmoja tu kwa vyote, na hutetema pia kwa jogoo, kwa bodaboda iliyopita dirishani na kwa muziki wa harusi ya jirani. Mama anayeinuka mara kumi kwa usiku mmoja, saba kati ya hizo bure, hatimaye huzima kifaa, na hapo hatari huanza upya.

Ndiyo maana kamera, ambayo kwa mzazi anayesikia ni anasa, kwa kiziwi ni ya manufaa halisi. Kipokezi chenye kioo humwezesha kutazama mara moja na kuamua kama ainuke au aache. Kamera iwe na uwezo wa kuona gizani, na kipokezi chake kiwe na mtetemo. Zipo kamera nyingi nzuri zisizokuwa nao. Zinazotumia redio yao zenyewe ni salama zaidi kuliko zinazopitia intaneti. Mwenye kamera ya intaneti abadilishe nywila iliyokuja nayo kiwandani siku hiyo hiyo, vinginevyo mtu asiyemjua anaweza kutazama chumba chake cha kulala.

Kwa asiyekuwa na kamera, msaada upo katika kitufe cha kupanga usikivu. Kilio cha mtoto kwa karibu hufikia desibeli 100, kikubwa kuliko kelele nyingi za nje. Sehemu ya mtoto ikisogezwa hadi umbali wa mita moja hivi, usikivu unaweza kupunguzwa mpaka kelele za barabarani zisikiamshe kifaa huku kilio kikiendelea kukiamsha. Isiwekwe karibu na dirisha wala feni.

Umbali huo wa mita moja una sababu ya pili. Waya wowote ulio karibu na kitanda cha mtoto unaweza kumnyonga anapoanza kuvuta vitu. Vifaa vyenye betri ndogo za mviringo, mfano wa kifungo, viwe na kifuniko cha skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na hakuna kusubiri asubuhi.

Kile ambacho kifaa hakijui

Vifaa vyote vilivyoelezwa hapa hutambua sauti. Mtoto mgonjwa sana mara nyingi halii. Hulegea, hukataa kunyonya, hupumua kwa haraka au kwa kubonyea kifua, hupata degedege, mwili huwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, na kilio chake huwa hafifu kiasi cha kutovuka kiwango kilichopangwa. Kifaa kilichonyamaza hakimaanishi mtoto ni mzima. Mzazi kiziwi, kama mwingine yeyote, aendelee kumtazama na kumgusa mtoto, na akiona dalili mojawapo kati ya hizo aende kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa, iwe usiku au mchana.

Kwa kuwa kupiga simu usiku si rahisi kwake, ni busara awe na jirani anayesikia aliyekubali kupokea ujumbe mfupi wakati wowote na kuja, pamoja na namba ya dereva wa bodaboda anayesoma ujumbe. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto iandikwe kwa wino kwamba mama au baba ni kiziwi na mawasiliano yafanyike kwa maandishi au kwa Lugha ya Alama. Muuguzi wa zamu ya usiku asiyemfahamu atajua tangu dakika ya kwanza, na hataita jina kwa sauti dirishani akidhani mwenye zamu ameondoka.

Kununua na kujaribu

Vifaa vya kawaida hupatikana katika maduka ya elektroniki ya Kariakoo na ya Dar es Salaam kwa jumla. Vile vya viziwi, kwa kawaida, ni vya kuagiza. Anayeagiza aulize kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuhusu msamaha wa ushuru, kwa kuwa Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 lina vipengele vinavyowahusu watu wenye ulemavu. Swali liulizwe kabla mzigo haujafika bandarini. Risiti ya EFD itunzwe, na makubaliano ya kurudisha kifaa yaandikwe juu yake.

Kifaa kikishafika nyumbani, kisiaminiwe usiku wa kwanza. Kwa wiki moja ndugu anayesikia alale chumba cha karibu na kuandika katika daftari kila saa mtoto aliyolia. Mzazi naye aandike kila saa aliyoamshwa. Asubuhi orodha mbili zilinganishwe. Zikipishana kwa vilio vilivyokosa kumfikia mzazi, usikivu uongezwe au kitetemeshi kihamishwe, na jaribio lianze upya. Ndugu huyo arudi kwake pale orodha zitakapolingana kwa usiku kadhaa mfululizo. Daftari hilo pia hutuliza mijadala ya familia, maana linaonyesha kwa saa na dakika kile ambacho maneno hayawezi kuwashawishi wakwe.

Mzazi anayehitaji ushauri aonane na Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii kupitia ofisi ya kata yake, na akija na mkalimani au ndugu anayejua Lugha ya Alama kazi itakwenda haraka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya mawasiliano na huduma, kwa hiyo kuomba kuandikiwa au kutafsiriwa si kuomba fadhila. Huulizwa mara kwa mara kama mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, unaweza kununua kifaa cha namna hii. Mkopo huo hauna riba, lakini ni wa shughuli za kuongeza kipato na hurejeshwa. Kikundi kinaweza kuutumia kwa mradi, kisha faida ya mradi ikanunua kifaa. Kuukopa moja kwa moja kwa ajili hiyo haitakubalika.

Mtoto anapofikisha umri wa kutembea, kilio cha usiku hupungua na mahitaji hubadilika. Mzazi sasa anataka kujua mlango umefunguliwa. Mwenye mfumo wa viziwi atahamishia kengele mlangoni. Mwenye kifaa cha kawaida anaweza kumpa mzazi kiziwi mwingine, na akifanya hivyo akikabidhi pamoja na chaja yake halisi, kisahani cha mtetemo, na karatasi inayoeleza usikivu ulipangwa katika namba gani na kifaa kiliwekwa wapi.